“Wazee wangu walikuja kihalali”: nimjibu nini mzee huyu?

Swali: Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Sasa niko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, nafanya kazi kiwanda cha nyama. Kazini kuna mzee mmoja Mzungu, jina la ukoo wake ni la Kijerumani. Si mtu mbaya, tunakula pamoja. Lakini kila habari za wahamiaji zikitoka kwenye televisheni ya kantini anasema yaleyale: wazee wake walikuja kihalali, walipanga foleni, walijifunza Kiingereza mara moja na hawakumsumbua mtu, hawa wa sasa wataiharibu nchi. Je, ni kweli? Na nimjibu vipi bila kuharibu urafiki?

Jibu: Ndugu yangu, mzee huyo hasemi uongo. Anarudia habari alizozikuta nyumbani kwao, na nyingi kati ya hizo zina ukweli ndani yake. Kilichopotea njiani ni sheria yenyewe: ilidai nini siku ile babu yake alipoteremka melini. Tuyachukue maneno yake moja baada ya jingine, halafu nikuonyeshe namna ya kuzungumza naye mkiwa na karatasi za ukoo wake mkononi. Hizo zitamgusa kuliko hoja yoyote yangu au yako.

Tuanze na “kihalali”. Wajerumani wengi wa Iowa waliingia Marekani kati ya miaka ya 1850 na 1880 na ushei. Mwaka wa kilele kwa Wajerumani ulikuwa 1882, walipoingia karibu 250,000 kwa mwaka huo mmoja. Mtu alikata tiketi Hamburg au Bremen, akavuka bahari, na akifika New York akateremkia Castle Garden, kituo kilichoendeshwa na jimbo la New York kuanzia 1855 hadi 1890. Viza hakuwa nayo kwa sababu hakuna aliyemtaka awe nayo. Hakukuwa na kikomo cha idadi. Sheria ya taifa ya Agosti 1882 ndiyo iliyoweka ada ya senti 50 kwa kila mgeni, iliyolipwa na wenye meli, na kuwazuia wahalifu waliokwisha kuhukumiwa, wenye maradhi ya akili na yeyote aliyeonekana hawezi kujitunza. Basi. Sheria inayodai kidogo namna hiyo, karibu kila mtu anaitii.

Sasa tazama mwaka huohuo. Mei 1882, miezi mitatu tu kabla ya sheria hiyo ya senti 50, Bunge lilipitisha sheria iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina. Kibarua wa Canton, kusini mwa China, mwenye nguvu zilezile na nauli mfukoni hakuweza kuingia. Mkulima wa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, aliweza. Na uraia wa tajnisi, tangu sheria ya 1790, ulikuwa wa “mtu mweupe aliye huru” peke yake. Watu wa asili ya Afrika waliongezwa 1870, na Waasia wakaachwa nje miaka mingi zaidi. Kwa hiyo babu wa mzee wako alikuja kihalali, naam, na uhalali huo alikuwa amepewa kabla hajafunga mzigo.

“Foleni” nayo ilikuwepo, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo. Kama babu huyo alichelewa akaja baada ya 1 Januari 1892, huenda alipitia Ellis Island, kisiwa kilichopo bandari ya New York. Walipita hapo watu kama milioni 12 kabla ya kituo kufungwa 1954. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa humohumo melini, wakashuka na kwenda zao. Wa daraja la tatu, lile la chini kabisa, walipelekwa kisiwani kwa boti. Walipopanda ngazi na mizigo yao, madaktari waliwatazama nani anahema sana, nani anachechemea. Mwenye kutiliwa shaka aliandikwa kwa chaki kwenye koti: H kwa moyo, L kwa kuchechemea, E kwa macho, X kwa akili. Kope ziligeuzwa nje, mara nyingine kwa kijikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta vikope. Halafu ukumbini, mkaguzi mwenye orodha ya abiria aliuliza maswali kama 29: jina, umri, unaenda kwa nani, nani alikulipia nauli, una fedha kiasi gani. Swali la kazi lilikuwa mtego, kwa maana sheria ya 1885 ilikataza kuja ukiwa na mkataba wa kazi tayari. Aliyejisifu kwamba kazi inamngoja alijitia matatani.

Lilikuwa jambo la kutisha kwa mtu wa shamba. Lakini mwenye afya alimaliza kwa saa chache, akapanda feri siku hiyohiyo. Waliorudishwa walikuwa kama 2 kati ya kila 100.

Linganisha na foleni yako. Kuandikishwa na UNHCR, kuhojiwa na kuhojiwa tena, alama za vidole, maafisa wa Marekani kufunga safari hadi Kigoma kukuuliza jina la bibi mzaa mama, kupimwa kifua, kungoja ndege, na katikati ya hayo miaka kambini. Katika kantini ile, aliyepanga foleni ndefu ni wewe. Mzee hajui. Mweleze taratibu, hatua kwa hatua, bila kulalamika. Watu wengi wa Iowa hawajawahi kumsikia mkimbizi akieleza namna alivyofika.

Na yule asiye mkimbizi, asiye na ndugu raia, asiye na shahada, afanye nini ili “apange foleni”? Hili mzee analihitaji zaidi ya yote. Mtu kama babu yake, mkulima asiye na cheti, leo karibu hana mstari wa kusimama. Sheria ya 1990 iliwatengea wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu nafasi zisizozidi 10,000 kwa mwaka, kwa dunia nzima, wake na watoto wao wakihesabiwa humohumo, baadaye zikapunguzwa. Bahati nasibu ya viza iliyotokana na sheria hiyohiyo inadai elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi yenye ujuzi. Raia anayemwombea ndugu yake wa tumbo moja kutoka Meksiko husubiri zaidi ya miaka 20. Mtu akisema “wapange foleni kama babu yangu”, muulize kwa upole: ipi?

Mlango ulifungwa lini? Hatua kwa hatua. Mwaka 1917 ukaja mtihani wa kusoma na ada ya dola 8. Mwaka 1921 ukaja mgao wa kila nchi, na 1924 mgao ukabanwa zaidi: asilimia 2 ya watu wa kila taifa waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890. Mwaka huo wa 1890 ulichaguliwa makusudi, kwa kuwa ulitangulia wimbi kubwa la Waitaliano, Wayahudi na Wapolandi. Ujerumani ilipata nafasi 51,227 kwa mwaka. Italia, ambayo sheria ya 1921 iliipa zaidi ya 42,000, ikashushwa hadi 3,845. Ugiriki 100. Kwenye orodha hiyohiyo utaikuta Tanganyika, 100, na jirani zenu wa ng'ambo ya Ruzizi, Ruanda-Urundi, 100. Tangu hapo ndipo mhamiaji wa Ulaya naye akalazimika kupata viza ubalozini kabla ya kupanda meli, na tangu hapo ndipo Wazungu wengi wakaanza kuingia bila karatasi, kwa meli za magendo au kwa kuvuka mpaka wa Kanada na Meksiko.

Serikali iliwafanyaje? Machi 1929 ilipitisha sheria: aliyeingia kabla ya 3 Juni 1921 na hana kumbukumbu ya kuingia, akithibitisha amekaa nchini mfululizo na ana tabia njema, alipe dola 20 aandikishwe kuwa mkaazi halali. Zaidi ya laki moja walihalalishwa hivyo katika miaka ya 1930, wengi wao Wazungu wa Ulaya na Kanada. Kifungu hicho kipo hadi leo, lakini tarehe yake ilisogezwa mara ya mwisho 1986, ikawekwa 1 Januari 1972. Aliyeingia 1973 akiwa mtoto wa mgongoni hafaidiki nacho, hata kama ana wajukuu hapo. Katika mengi ninayokuandikia, hili ndilo ningependa likumbukwe, kwa sababu linaonyesha kwamba nchi ilishawahi kukutana na shida hii, ikaitatua kwa fomu na dola 20.

Sasa tufike kwenye Kiingereza. Hapa Iowa yenyewe ina kumbukumbu nzito kuliko majimbo mengi.

Mwaka 1870 jimbo hilo liliunda bodi ya uhamiaji na kuchapisha kijitabu cha kuwaita wageni waje, kwa lugha kadhaa, Kijerumani kikiwamo. Waliombwa waje, kwa lugha yao. Walipofika walijenga makanisa yenye mahubiri ya Kijerumani, shule za Kijerumani, magazeti ya Kijerumani. Davenport, kwenye mto Mississippi, ulikuwa mji wao hasa. Gazeti lao Der Demokrat liliishi tangu miaka ya 1850 hadi 1918. Uraia haukudai Kiingereza mpaka sheria ya 1906. Katika majimbo kadhaa ya kati mhamiaji aliyetia saini tamko la kwanza la kuomba uraia aliruhusiwa hata kupiga kura kabla hajawa raia. Arkansas ndiyo ya mwisho kuliacha hilo, 1926. Jirani hapo Wisconsin, katika kijiji cha Hustisford, sensa ya 1910 ilikuta karibu robo ya watu wakijua Kijerumani tu, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa hapohapo Marekani. Kwa hiyo “mara moja” si kweli. Lugha ilibadilika kwa vizazi viwili hadi vitatu, kama inavyobadilika leo. Tazama watoto wako wakigombana wenyewe kwa wenyewe, wanatumia lugha gani.

Kilichoharakisha ni hofu. Tarehe 23 Mei 1918, vita na Ujerumani vikiendelea, Gavana William Harding wa Iowa alitoa tangazo: shule zote zifundishe kwa Kiingereza tu, mazungumzo mahali pa watu, kwenye treni na kwa simu yawe ya Kiingereza, hotuba ziwe za Kiingereza, na asiyejua Kiingereza akasalie nyumbani kwake. Liliwapata pia Wacheki, na hata Wadenmaki, Waholanzi na Wanorwe, ambao nchi zao hazikuwa adui. Katika kaunti ya Scott wanawake waliosikika wakiongea Kijerumani kwenye simu walitozwa faini, jumla dola 225, fedha ikapelekwa Msalaba Mwekundu. Jimbo la jirani, Illinois, mwezi uliotangulia, kundi la watu lilimnyonga mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Robert Prager mjini Collinsville. Vita vilipokwisha tangazo lilifutwa, ila familia nyingi zilikuwa zimeshafunga midomo. Wazazi waliacha kuwasemesha watoto Kijerumani. Watoto wale wakakua wakisimulia kwamba “sisi tulijifunza Kiingereza upesi”.

Kuhusu kutomsumbua mtu, nitapita haraka. Benjamin Franklin aliandika 1751 akihofia kwamba Wajerumani wa Pennsylvania wangewageuza Waingereza kuwa Wajerumani. Philadelphia, 1844, makanisa ya Wakatoliki wa Kiayalandi yalichomwa. Mwaka 1855 Louisville ilimwaga damu ya Wajerumani na Waayalandi siku ya uchaguzi, wakafa watu wasiopungua 22. Chama cha wapinga wageni kilitaka mtu asubiri miaka 21 kabla ya uraia, na 1856 mgombea wake wa urais alipata zaidi ya kura moja katika kila tano. Na pale Clinton, Iowa, mwaka 1887, kilizaliwa chama ambacho wanachama wake waliapa kutompigia kura Mkatoliki na kutomwajiri iwapo Mprotestanti yupo. Hofu zilikuwa zilezile unazozisikia kwenye televisheni ya kantini: wanatii mkuu wao wa dini aliye ng'ambo, wanaleta magonjwa, wanazaa mno, wanafanya kazi kwa senti.

Sasa, kwa nini taifa zima limesahau? Watu husema ni kiburi. Naona hesabu inaeleza vizuri zaidi. Mwaka 1910, katika kila watu 100 wa Marekani, karibu 15 walizaliwa nje. Mlango ukafungwa 1924 na haukufunguliwa tena sawasawa mpaka sheria ya 1965. Kwa miaka 40 hiyo wazee wahamiaji walikufa, wapya hawakuja, na 1970 waliozaliwa nje walikuwa chini ya 5 katika 100. Mzee mwenzako, kama ana miaka sitini na kitu, alikulia katika kipindi hicho hasa. Hakusikia lafudhi ya kigeni shuleni wala dukani. Ule uliokuwa ukimya wa muda akaujua kuwa ndiyo sura ya kudumu ya nchi yake. Leo wamefika 14 na ushei katika 100, yaani kiwango cha babu yake, na yeye anaona kitu kisichowahi kutokea. Ukilielewa hili hutamkasirikia sana.

Usidharau kila anachosema, pia. Wapo waliopoteza. Mishahara ya viwanda vya nyama ilianguka miaka ya 1980, kampuni zilipofunga viwanda vya zamani vyenye vyama imara vya wafanyakazi na kuhamia miji midogo kwa malipo ya chini. Kama yeye au baba yake alikuwa kwenye kazi hiyo, aliuona mshahara ukishuka, na baadaye akawaona wageni wakiingia. Ni rahisi kuunganisha hayo mawili. Muulize alilipwa kiasi gani alipoanza na chama chake kilikuwa na nguvu gani. Mtakuwa mnazungumzia jambo lenu wote wawili.

Wewe nawe jihadhari na makosa mawili. Usiseme “wenu wote waliingia kiharamu”. Si kweli, na akithibitisha moja tu utakuwa umeshindwa. Na usiseme “Marekani yote ni ya wahamiaji”. Wameskwaki, wenyeji wa kaunti ya Tama, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwako, hawakuhamia kutoka popote ng'ambo. Walinyang'anywa ardhi kwa mikataba, na mwaka 1857 ikabidi wainunue kwa fedha zao, wakianza na eka 80. Na Waafrika walioletwa kwa minyororo hawakuwa wahamiaji.

Sasa karatasi. Usimletee zako. Mwombe mtafute pamoja za kwake, nje ya kantini, pasipo watazamaji. Mbele ya watu kila mtu hutetea heshima yake. Unahitaji jina la mtu wa kwanza kuja, mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, na kaunti alikoishi. Fungueni akaunti ya bure FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, muanze na sensa za 1900, 1910 na 1920. (Sensa hufichwa miaka 72, hivyo ya karibuni kabisa iliyo wazi ni ya 1950, ile ya 1890 karibu yote iliangamia kutokana na moto wa 1921. Iowa ilifanya pia sensa zake yenyewe 1915 na 1925.) Tafuteni safu ya mwaka wa kuingia, na safu ya uraia: “Na” ni aliyepata tajnisi, “Pa” ni aliyetia saini tamko la kwanza tu, “Al” ni mgeni. Msishangae kumkuta mtu aliyekaa miaka 30 bado ni “Al”. Mke hana karatasi yake mwenyewe mara nyingi, kwa kuwa kuanzia 1855 hadi 1922 alifuata uraia wa mumewe.

Mkishapata mwaka wa kuingia, nendeni kwenye orodha za meli; zile za New York zinasomwa bure kwenye tovuti ya taasisi ya Ellis Island. Hapa wengi hukwama kwa tahajia. Müller amekuwa Miller, Schmidt amekuwa Smith. Watu husema makarani wa Ellis Island ndio waliobadilisha majina. Sivyo, wao walisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na kampuni ya meli ng'ambo, na majina mengi yalibadilishwa na wenyewe baadaye. Tafuteni kwa jina la kwanza, umri na mwaka. Na msiandike “Germany” kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1871, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa haijaungana. Jaribuni Prussia, Hanover, Holstein. Kwenye orodha za baada ya 1893 someni safu ya “anaenda kwa nani”. Mara nyingi mtakuta jina la kaka au mjomba, na anwani ya Iowa. Ndugu alimvuta ndugu, jambo lilelile ambalo leo linasemwa vibaya.

Faili la uraia la kabla ya Septemba 1906 laweza kuwa kwenye mahakama yoyote, kwa hiyo anzeni na mahakama ya kaunti. La baadaye lina nakala serikali kuu, na hulipiwa. Ndani yake mtamkuta babu akimkana mfalme wake kwa maandishi.

Halafu rudini kwenye sensa ya 1910. Kuna safu inayouliza kama mtu anajua Kiingereza, na kama hajui, anasema lugha gani. Ikiwa imeandikwa “English”, mwambie mzee kwamba hapo alikuwa sahihi. Ikiwa imeandikwa “German”, usiseme kitu. Mwachie asome mwenyewe.